Bastola ya kupima joto kwa trekta linalochemsha: uzoefu wangu wa misimu miwili

Ninalima mahindi na maharage karibu na Kigumba, wilayani Kiryandongo, Uganda, na trekta langu dogo la dizeli, lenye silinda tatu, hulima pia mashamba ya majirani kwa malipo ya ekari. Mwezi wa tatu mwaka jana, mvua za kwanza zilipoanza na kila mtu akitaka kulimiwa siku hiyo hiyo, trekta lilianza kuchemsha. Kila lilipovuta plau kwa dakika 40 hivi, mshale wa geji uliingia kwenye nyekundu, na dereva wangu alilirudisha chini ya mwembe akisema, "Mama, linachemsha tena." Nilikuwa nimekwisha kununua pampu mpya ya maji kwa ushauri wa fundi mmoja, na fundi wa pili alikuwa ameing'oa themostati, ile vali inayozuia maji hadi injini ipate moto, na kuitupa, kama wafanyavyo wengi. Wa tatu alitaka kufungua silinda hedi, kwa kuwa aliamini gasketi, kizibo kilicho kati ya hedi na injini, imeungua. Kabla ya kumkubalia nilinunua Kampala, kwa shilingi 85,000, kipimajoto cha miale chenye umbo la bastola, na hicho ndicho ninachokieleza hapa.

Wengi wetu tulikiona kifaa cha namna hii wakati wa korona, tulipoelekezewa kwenye paji la uso kabla ya kuingia benki. Mnunuzi asivichanganye. Kile cha watu husoma joto la mwili tu na hakifai kwa injini. Changu husoma kutoka nyuzi 50 chini ya sifuri hadi nyuzi 380.

Siku ya kwanza kilinipotosha, na kosa lilikuwa langu. Nilikielekeza kwenye shingo ya alumini ambako maji hutokea kwenye injini, kikasoma nyuzi 58, ilhali mkono haukuweza hata kusogea karibu. Sababu ni kwamba chuma kinachong'aa hutoa miale michache sana ya joto lake chenyewe na huakisi ile ya vitu vilivyokizunguka. Injini ilipopoa nilichukua masizi ya sufuria, nikayachanganya na tone la mafuta na kupaka doa jeusi lenye ukubwa wa kifuniko cha soda. Kesho yake, katika kazi ile ile, doa lile lilisoma 99. Mipira ya maji na sehemu zilizopakwa rangi nyeusi isiyong'aa hazihitaji masizi. Umbali nao una hesabu yake: kwa sentimita 12 kifaa changu husoma duara lenye upana wa sentimita 1, na kwa sentimita 60 duara hilo hupanuka hadi sentimita 5, ingawa kile kitone chekundu cha taa hubaki kidogo vile vile na kumfanya mtu adhani anapima mahali padogo.

Baada ya kuelewa hayo, nilimwomba dereva alime hadi mshale upande, kisha asimame mwisho wa shamba bila kuzima injini wala kugusa mfuniko wa rejeta, kile kipoza maji kilicho mbele ya injini, kwa sababu mvuke wa hapo humbabua mtu uso mara moja. Mpira wa juu, unaoleta maji ya moto kutoka kwenye injini, ulisoma 98. Mpira wa chini, unaoyarudisha, ulisoma 63. Kwa kawaida tofauti huwa kama nyuzi 10. Kama yote miwili ingekuwa na moto unaokaribiana, ningejua kwamba maji yanazunguka ila hayapozwi, na ningetafuta makapi yaliyoziba mapezi ya rejeta au mkanda wa feni uliolegea. Tofauti ya nyuzi 35 ilinionyesha kwamba maji yanapita kwa shida.

Tulitoa wavu wa mbele, nikaipitisha bastola polepole juu ya rejeta kutoka kushoto kwenda kulia. Ilisoma 91, 90, 88, kisha ghafla 52, 49, halafu 85, halafu 47. Niliporudia juu na chini, nikaona sehemu baridi zimesimama wima kama mistari, na hapo nikaelewa, kwa kuwa katika rejeta hii maji hushuka kutoka tangi la juu kupitia vijibomba vyembamba, na penye baridi pamezibwa. Kwa miaka mingi tulikuwa tukiijaza maji ya kisima, wakati mwingine hata ya bwawa.

Fundi wa rejeta mjini Masindi aliyeyusha lehemu, akafungua tangi la juu na kusukuma bapa jembamba la chuma katika kila kijibomba. Kilichotoka ni tope la kahawia na ukoko mgumu kama wa ndani ya birika. Kazi hiyo inawezekana kwa rejeta ya shaba. Ya alumini haifunguliwi hivyo. Nilirudisha pia themostati mpya ya nyuzi 82, baada ya kuining'iniza kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni na kuiona ikianza kufunguka maji yalipokaribia joto hilo, na sasa tunatumia kulanti, dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi.

Kwa gasketi, kifaa hiki hakikunisaidia. Hiyo niliipima asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa na mfuniko umefunguliwa: tuliwasha na kutazama kama mapovu yanatoka mfululizo, dalili ya gesi ya injini kupenya kwenye maji, na hayakutoka. Kasoro nyingine za kifaa ni ndogo, nazo ni kifuniko cha betri kilicholegea, ambacho nimekifunga kwa utepe, na lenzi inayoingia vumbi na kusoma chini ya kiasi isipofutwa kwa kitambaa kikavu. Ningekinunua tena bila kusita, maana pampu niliyobadilisha bure ilinigharimu mara tatu ya bei yake.

Kila msimu unapoanza, dereva wangu hupima mipira yote miwili baada ya saa moja ya plau na kuandika namba kwa chaki kwenye madigadi ya kushoto. Za mwezi wa nane zilikuwa 86 juu na 77 chini.