Jani la mahindi na jani la mpunga: kaboni inapita wapi?

Chuma jani la mahindi shambani kando ya Mto Sabaki, hapa Malindi, uliinue juani. Mishipa imekaribiana mno, kama miyaa ya mkeka, na kila mmoja umezungukwa na seli nono za kijani. Mimi kila nikitazama hapo nastaajabu. Seli za nje hunasa hewa ya ukaa, huifunga kwenye asidi yenye kaboni 4, kisha asidi hiyo hupenya hadi seli zilizouzunguka mshipa. Humo hewa hufunguliwa na kutengenezewa sukari. Wanga wa mchana nao hulala humo humo. Usiku huvunjwa, sukari ikashuka kulijaza hindi punje.

Mpunga wa delta ya Tana hauna safari hiyo. Hunasa hewa moja kwa moja kwa rubisko, kimeng'enya ambacho joto likizidi hushika oksijeni mara nyingi zaidi, na kaboni iliyokwisha kupatikana hupotea. Akiba ya jani lake ni sukari zaidi kuliko wanga.

Kwa jua la kaskazi nayapa mahindi ushindi. Ila shamba likifurika, mizizi ya mahindi huoza, mpunga husimama.