Nimeuziwa Ultimate Spider-Man iliyochanwa

Naandika hasira zikiwa bado kichwani, na sitaki zipoe kwanza.

Kuna duka la vitabu hapa mjini, si mbali na Digo Road, linalouza katuni za mitumba kutoka Marekani zikiwa zimefungwa kwa nailoni. Ukiomba kufungua ukague, unaambiwa ulipe kwanza. Nikalipa, karibu elfu tatu, kwa sababu kitabu hicho nilikitafuta muda mrefu: mkusanyiko wa matoleo 13 ya mwanzo ya Ultimate Spider-Man. Zamani nilikisoma cha kuazima. Safari hii nilikuwa namnunulia mtoto wa dadangu, mwenye miaka 15 sawa na Peter Parker wa humo, kijana ambaye ndiye Spider-Man mwenyewe.

Alikimaliza usiku huohuo. Asubuhi nikamuuliza, "Enhe, umeonaje Peter alipomwambia Mary Jane?"

Akanitazama. "Alimwambia nini, khalati?"

Nikakichukua. Toleo la 13 halimo! Kurasa hazikudondoka zenyewe, zimechanwa. Ukipitisha kidole ndani ya mgongo wa kitabu unazigusa ncha za karatasi zilizobaki kwenye gundi. Kitabu kinakatikia kwenye kisa cha Kingpin, yule bosi wa wahalifu, na mtoto wa watu kaamini hadithi imekwisha.

Asiyelijua toleo hilo ataona natoa povu bure. Humo hamna ngumi hata moja. Ni Peter na Mary Jane, rafiki yake wa karibu, wamekaa chumbani wanazungumza, na Aunt May, shangazi anayemlea Peter, hatulii kwa kuwa kuna msichana chumbani kwa mvulana. Peter anamfungulia siri yake, kwamba yeye ndiye Spider-Man. Basi, ni hilo tu. Lakini Brian Michael Bendis ameyaandika mazungumzo yale jinsi vijana wanavyosema kweli, wanakatizana, wanakwama, wanarudia neno. Mark Bagley naye anakuchorea nyuso, ukurasa baada ya ukurasa, wala huchoki. Katika mfululizo wa asili, wa Peter yule wa Stan Lee na Steve Ditko wa 1962, Mary Jane alikuja kumwambia kwamba anaijua siri yake mwaka 1984. Miaka 22! Hawa walioianza upya hadithi mwaka 2000 wakaona kijana hawezi kubeba mzigo kama huo peke yake, wakampa mtu wa kumwambia mapema. Ndiyo sababu hasa nilitaka mpwa wangu akisome.

Nikarudi dukani. Kijana wa kaunta hata hakukifunua. "Dada, si vibonzo tu hivi? Watoto huangalia picha. Zingine zote si zimo?" Mkubwa wake alikuwa palepale, macho kwenye simu. Nikamwekea mbele palipochanwa. Akajibu bila kuinua kichwa kwamba kitu kikishafunguliwa hakirudi. Sasa nifanyeje? Kabla ya kulipa siruhusiwi kufungua, na nikishafungua kimekuwa changu!

Nilipofika nyumbani nilikuwa tayari kuwaambia mtu asikinunue kitabu hiki popote. Nikaanza kukitafutia makosa, na kosa lipo: kinakwenda taratibu mno. Kuumwa na buibui, mieleka, mwizi kuachwa apite, kifo cha Uncle Ben, mume wa Aunt May, yote hayo mwaka 1962 yalitosha kurasa 11. Hapa yametandazwa toleo baada ya toleo.

Lakini Uncle Ben wa kurasa 11 unamjulia wapi? Huyu mpya, na nywele zake za kufunga nyuma, unakaa naye mezani, unamsikia akigombana na kijana wake, unamzoea. Akifa, unafiwa. Na Peter kupata kazi kwenye tovuti ya gazeti la Daily Bugle badala ya kuzunguka na kamera tu, mpwa wangu alikuelewa bila kuelezwa. Ni kizuri, jamani. Ni kizuri kuliko nilivyokikumbuka, na hapo ndipo hasira zinaponipanda upya, maana aliyechana alijua anachana nini, na aliyeuza hakujali.

Kwa hiyo kinunueni, ila si kwenye duka lile, wala popote wanapokataa ufungue kabla ya kutoa pesa. Na mwenye toleo la 13 hapa Mombasa, hata kama limechakaa, aniambie. Awe Likoni, awe Mtwapa, nitalifuata.