Mpira wa ngozi wa kamba, nakala ya enzi za Dixie Dean

Anayetaka kuelewa ukubwa wa mabao 60 ya ligi aliyofunga Dixie Dean akiwa Everton msimu wa 1927/28, la mwisho kwa kichwa dhidi ya Arsenal, aushike mpira huu. Vipande 18 vya ngozi, mshono safi kabisa. Ukiwa mkavu una gramu 410, ndani ya sheria ya wakati ule (368 hadi 425). Kasoro iko kwenye mdomo wa mpira, pale unapofungwa kwa kamba: fundo la kamba limeachwa nje, nalo huchubua paji la uso. Lifungue, jaza upepo, kaza kamba tundu kwa tundu, kisha chomeka ncha chini ya ngozi. Paka mafuta ya ngozi kwenye mishono. Usipopaka, mpira hunywa maji na kuwa mzito mno kupigwa kichwa. Bei iko juu, lakini mshono unaistahili.