Filamu Tano za Vita kwa Shilingi 250: Uzoefu Wangu

Mwezi uliopita nilipeleka flashi yangu kwenye duka moja la filamu karibu na Mwembe Tayari, Mombasa, nikamwomba kijana wa pale anijazie filamu tano za vita, kila moja kwa shilingi 50. Alinihudumia haraka na kwa adabu, ila mimi nilisahau kumwuliza kama filamu hizo zina sauti zake za asili au zimewekewa msimuliaji wa Kiswahili. Mbili zilikuwa na msimuliaji.

Katika Black Hawk Down ya mwaka 2001 hakuniudhi hata kidogo, kwa kuwa filamu yenyewe ni makelele mwanzo mwisho. Inahusu mapigano ya Mogadishu ya Oktoba 1993, ingawa ilirekodiwa Moroko, na kasoro yake kubwa kwangu ni kwamba Wasomali, ambao walikufa kwa mamia katika mapigano hayo, wanakuja kwa wingi na kuanguka kwa wingi bila kujulikana ni nani. Msimuliaji aliwabandika majina na kuwatania, na nadhani hapo alimshinda mwongozaji.

Ya pili ilikuwa Das Boot, filamu ya Kijerumani ya mwaka 1981 iliyoongozwa na Wolfgang Petersen, kuhusu mabaharia wa nyambizi katika Vita Vikuu vya Pili. Hapo ndipo nilipoona hasara. Filamu ya mapigano huziruka saa za kungoja ili ifike kwenye risasi, lakini filamu ya vita hukukalisha ndani ya saa hizo mpaka uzihisi tumboni. Hata Saving Private Ryan, ambayo watu huisifu kwa umwagaji damu wa ufukweni, mimi naikumbuka kwa mkono wa kapteni unaotetemeka akishika chupa ya maji, kabla mlango wa mashua haujashushwa. Das Boot karibu yote ni mkono ule: manowari inapita juu, injini zimezimwa, wanaume wenye ndevu wameinua macho wakisikiliza, jasho linawatiririka, na hakuna anayethubutu hata kukohoa.

Katika kimya hicho, msimuliaji wetu akaanza kutoa mzaha kuhusu bei ya unga. Nilikuwa nikitazama na mjomba wangu, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye tagi, zile mashua za kuvuta meli, katika bandari ya Kilindini. Akanigeukia, akasema, "Mjomba, huyu anayepayuka ni nani? Mwambie anyamaze, watasikiwa."

Nilirudi dukani kesho yake. Kijana hakubisha; alinitafutia nakala ya asili yenye tafsiri ya Kiingereza chini ya picha, ile ndefu ya zaidi ya saa tatu, na hakunitoza kitu. Tuliitazama kwa usiku mbili. Nyambizi ilipozama mpaka misumari ya chuma ikaanza kufyatuka kwa uzito wa maji, mjomba alikuwa ameushika mkono wa kiti, na chai yake ilipoa bila kuguswa.

Ilipokwisha, alinieleza habari za Khedive Ismail, meli iliyoondoka Kilindini Februari 1944 ikiwa imebeba, pamoja na wengine, wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki, ikazamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi tarehe 12 ya mwezi huo. Walikufa karibu watu 1,300. Manowari za Uingereza zilizokuwa zikiisindikiza ziliangusha mabomu ya chini ya maji mahali palepale walipokuwa wakiogelea walionusurika, kwa sababu nyambizi ilikuwa imejificha chini yao.

Nilimwuliza kijana kama ana filamu yoyote kuhusu meli hiyo. Alitafuta kwa muda mrefu, akasema hana. Flashi ikarudi na The Battle of Algiers ya mwaka 1966, bila msimuliaji, kwa shilingi 50.