Katiba ya Kenya, nakala ya mfukoni: fungua Sura ya 16 kwanza

Kwa anayefuatilia mageuzi ya serikali, kijitabu hiki ni cha lazima. Vifungu 255 hadi 257 vinaeleza njia yote ya wananchi kubadilisha katiba: sahihi milioni 1 za wapigakura waliosajiliwa, tume ya uchaguzi ihakiki, mabunge ya kaunti yapewe miezi 3, angalau 24 kati ya 47 yapitishe, kisha Bunge. Ukigusa muhula wa rais au ugatuzi, kura ya maamuzi haikwepeki.

Kasoro yake ni kubwa: maandishi matupu hayakwambii kwamba rais hawezi kuanzisha njia ya sahihi. Mahakama ya Juu ndiyo iliyoamua hivyo Machi 2022, ikizima BBI (Building Bridges Initiative), mpango wa kubadilisha katiba. Liandike hilo pambizoni mwa Kifungu 257.