Vitabu nilivyomaliza karibuni: marais wametusimulia kwa adabu, riwaya haina adabu kabisa

Naanza na kitabu ambacho wengi mtakua mmekiona kwenye meza za wauza vitabu mkakipita, Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, cha marehemu Rais Ali Hassan Mwinyi. Kilizinduliwa tarehe 8 Mei 2021, siku aliyokua anatimiza miaka 96, na heri yake mwenyewe alikuepo akaona watu wanakishika mkononi, maana alitutoka Februari 29, 2024. Kimeandikwa kwa Kiswahili. Kwa hilo tu nampa maksi kabla sijafungua ukurasa, sababu viongozi wetu wakistaafu wanapenda kuandika Kiingereza utadhani waliopanga foleni kuwapigia kura walikua London.

Sehemu ya utoto ndo tamu kuliko zote. Katoto ka Kivure huko Mkuranga kanavushwa bahari kwenda kusoma Unguja, kanakulia Mangapwani, baadae kanakua mwalimu, na mzee anasimulia taratiibu hana haraka na mtu, ni kama umekaa nae barazani baada ya alasiri kahawa inapita. Kuna mahali nilicheka peke yangu kwenye daladala dada wa pembeni akasogea dirishani. Alafu ukifika kwenye habari ya kujiuzulu 1977, alipokua waziri wa mambo ya ndani na watuhumiwa wakafia mikononi mwa polisi Mwanza na Shinyanga kwenye ule msako wa wauaji wa vikongwe, unamheshimu upya. Hakumgusa mtu hata kwa ukucha, ila wizara ilikua yake, akaandika barua kwa Mwalimu akaachia ngazi. Hizo kurasa ningekua na uwezo ningempa kila anaeapishwa uwaziri azisome alafu wiki inayofuata apigwe mtihani.

Ila sasa. Ukitoka hapo mzee anakua mstaarabu kupita kiasi. Januari 1984 Mzee Jumbe anaondoka madarakani Zanzibar, ile tunayoambiwaga hali ya hewa ya kisiasa ilichafuka, anaekuja kukaa kwenye kile kiti ni Mwinyi huyu huyu, mwaka unaofuata anapokea urais wa Muungano kwa Nyerere, nchi haina sukari haina sabuni, 1986 tunakubaliana na IMF, lile shirika la fedha la kimataifa, yaani hapa ndo pa kutuambia nani alinuna, nani alitoka kwenye kikao hajaaga, nani alimwambia wewe mzee unatuuzia nchi. Wapi! Anapita juu juu, anashukuru, anaombea watu rehema, tunasonga mbele. Namuelewa lakini, ndo malezi yake, na mtu wa miaka tisini na kitu anataka kuondoka hana deni na yeyote. Si yeye mwenyewe aliekua anasema kila zama na kitabu chake? Basi cha zama zake mimi nilitaka kiseme zaidi, nimelipa hela nimebaki na njaa.

Rais aliemfuata, Mkapa, kwenye My Life, My Purpose (2019) ana ukali kidogo, nadhani kwa sababu alishawahi kua mhariri wa magazeti, akishasimama upande mmoja wa jambo unajua kasimama. Na mauaji ya Pemba ya Januari 2001 hakuyakwepa, anakubali kwamba ni doa kwenye urais wake. Kwangu hapo ndo kitabu kilipopata pumzi. Kwenye ubinafsishaji anajitetea mpaka unachoka, sikufichi kuna kurasa niliruka. Na kama nilivyosema, Kiingereza.

Haya, sasa tuje kwenye kitabu chenyewe kilichonifanya niandike yote haya. Haini. Riwaya ya Adam Shafi, ya 2003. Wengi mnamjua Shafi kwa Vuta n'kuvute, hasa tangu filamu ya Amil Shivji itoke 2021, na Vuta n'kuvute ni nzuri sibishi, ila jamani Haini ni kitu kingine. Kwa asiejua, tarehe 7 Aprili 1972 Rais Karume wa Zanzibar aliuawa kwa risasi jioni pale Kisiwandui, makao makuu ya ASP, chama tawala cha Zanzibar wakati ule, na baada ya hapo kamatakamata ikapita Unguja nzima, waliowahi kua Umma Party, chama cha zamani cha mwanasiasa Abdulrahman Babu, ndo usiseme kabisa, Babu mwenyewe huku bara akakaa kizuizini mpaka 1978. Shafi nae alikua ndani kipindi hicho. Kwahiyo hii jela aliyoiandika hakuhadithiwa na mtu.

Mhusika anaitwa Hamza. Vipigo vimo, tena vingi, kama roho yako nyepesi usisome usiku. Ila mimi kilichonitisha sio vipigo, ni yale maswali. Mtu anaulizwa jambo asilolijua, akisema sijui ni kosa, akinyamaza ni kiburi, akitunga uongo ili wamuache kidogo ule uongo unazaa maswali mengine na majina mengine, na unaanza kuelewa kwamba hawa watu hawatafuti ukweli hata kidogo, jibu wanalo tayari wanatafuta tu mdomo wa kulisema. Mimi historia ya mwaka ule nilikua naijua kwa tarehe na majina ya wakubwa. Sikuwahi kukaa nikafikiria mtu wa kawaida, mwenye mke na kazi, anachukuliwa nyumbani kwake na kuanzia hapo kila alichowahi kusema kwenye maisha yake kinaweza kua ushahidi. Na anachofanya Shafi ni kwamba hapigi kelele. Lugha ni ile ile yake ya Kiunguja, laini, imepangika, unasoma mambo ya kutisha kwa sentensi nzuri mno mpaka unaona haya kuzifurahia.

Mapungufu yapo. Katikati inazunguka, kuna sura nilihisi nimeshaisoma. Na watesaji wengi wao ni wabaya tu tangu wanaingia mpaka wanatoka, mimi nilitaka hata mmoja tumfuate mpaka kwake tumuone anavyokula chakula na watoto wake na mikono ile ile, hapo kitabu kingenimaliza kabisa. Labda aliekua upande wa pili wa mlango hana wajibu wa kumfuata mtesaji wake nyumbani, sijui, nawaachia. Nampa 4 na nusu kwa 5.

Nilipomaliza nikajiuliza kwanini marais wanameza maneno na riwaya inayasema, nikasema basi jibu ni hili, riwaya inasema sababu ina kisingizio, ukibanwa unajibu mbona nimetunga tu hii. Nikawa nimeridhika na hiyo nadharia yangu mpaka nikasoma Mbali na Nyumbani (2013), ya Shafi huyu huyu, ila hii sio riwaya, ni maisha yake mwenyewe, kijana wa Unguja anaondoka kwao kisirisiri kwenda kutafuta masomo nje, anapasua Kenya, Uganda, Sudan, mfukoni hamna kitu. Na humo haoni aibu hata kidogo! Njaa anaisema, uoga anausema, ujinga wa ujana anausema. Kumbe sio mambo ya riwaya na visa vya kweli. Kijana aliekua na mkoba mmoja hana cheo cha kulinda wala chama cha kukilinda wala mwanae hayupo kwenye siasa, sasa amfichie nani? Wakati rais mstaafu hata akiandika yuko peke yake chumbani nchi nzima inachungulia begani. Mbali na Nyumbani inakimbia kuliko Haini, kama hujazoea kusoma vitabu vinene anza na hii, hata mdogo wangu wa form three asiependa kusoma aliimaliza akaja kunisumbua na maswali ya ramani.

Peponi ya Abdulrazak Gurnah nimeisoma mwisho, ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022 Mkuki na Nyota, mwaka mmoja baada ya Gurnah kuchukua Nobel. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anatolewa rehani kwa tajiri Aziz kulipia madeni ya baba yake, wazazi hawamwambii, anapandishwa treni anadhani anaenda kutembea. Inaanza polepole, wengi wataiacha hapo mwanzoni dukani kwa Khalil, msiiache, subirini msafara uingie bara. Tafsiri imekaa vizuri mno, kuna wakati nilisahau kwamba kwanza kiliandikwa Kiingereza 1994. Kwenye hii hakuna cha kulinda heshima ya mtu, wafanyabiashara wetu wa pwani nao wanaanikwa, na hiyo ndo sababu naona baadhi ya wazee wetu hawatakipenda.

Haini mkiiona popote hata ya mtumba chukueni, yangu wino umefifia kurasa kadhaa na niliponunua walikataa kunibadilishia. PDF sina, msiniulize inbox.