Kuziba meno ya watoto bila mashine katika kliniki ya serikali: uzoefu wangu

Mimi ni mwalimu wa afya katika shule ya msingi pembezoni mwa Dar es Salaam. Sehemu ya kazi yangu ni kuwafikisha watoto kliniki ya kinywa na meno, na wengi wanatoka nyumba ambazo nauli ya kwenda na kurudi ni hela ya mboga ya siku hiyo. Huduma ninayoieleza hapa ni kuziba jino kwa vifaa vya mkono tu. Haihitaji mashine ya kuchimba wala umeme, na mara nyingi haihitaji hata sindano ya ganzi. Naipendekeza kwa moyo wote kwa mtoto asiye na bima. Lakini mzazi asiyejua aombe nini ataondoka na mtoto aliyeng'olewa jino ambalo lingezibika.

Sababu iko wazi ukikaa kwenye foleni asubuhi moja. Kung'oa kunahitaji ganzi, koleo na pamba, na kazi imekwisha kwa muda mfupi. Kuziba kunahitaji glasi ionoma, unga unaochanganywa na majimaji yake ukawa uji mzito unaoganda kama jiwe, na ukiisha stoo hakuna cha kuweka mahali pake. Kliniki moja tunayoitumia iliwahi kukaa karibu muhula mzima bila unga huo, na muda wote huo kila tundu liliishia kwenye koleo. Kwa hiyo kabla ya kulipa nauli, piga simu au tuma mtu aulize mambo mawili: leo glasi ionoma ipo? Na siku za kuziba ni zipi? Kliniki nyingi hutenga siku zake za kuziba, tena hupokea wachache, kwa hiyo fika mapema.

Ukifika dirishani utaulizwa, "Anang'oa?" Usijibu ndiyo kwa haraka. Sema: "Naomba apimwe kwanza, na kama tundu halijafika kwenye mshipa, azibwe kwa mkono." Sentensi hiyo nimewaandikia wazazi kwenye karatasi ndogo, kwa sababu ndiyo inayobadilisha matokeo. Wala hawaombi kitu kigeni. Mbinu hii ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa nchi nyingine mwaka 1994, na mwaka 2021 glasi ionoma ikaingia kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu.

Utajuaje kabla ya kwenda kama jino bado linazibika? Msikilize mtoto. Akiumia anapokula pipi au kunywa maji baridi, kisha maumivu yakakata mara kitu kikitoka mdomoni, mara nyingi mshipa bado uko salama. Maumivu yanayoanza yenyewe, yanayomwamsha usiku, au kijipu kwenye ufizi kinachokuja na kuondoka, hayo ni ya jino ambalo mshipa wake umeshaharibika. Kuliziba jino la hivyo ni kufungia usaha ndani. Hapo kung'oa, au kutibu mzizi pale huduma hiyo ilipo, ndiyo njia sahihi, na daktari anayekataa kuziba yuko sawa.

Kazi yenyewe huwa hivi. Daktari anazungushia jino vipande vya pamba ili mate yasifike. Anapanua mlango wa tundu kwa kifaa chenye ncha bapa, kwa sababu mara nyingi uwazi unaouona juu ni mdogo kuliko pango lililo chini yake. Kisha anachukua kijiko kidogo na kukwangua. Uozo laini hutoka kwa vipande vyenye unyevu, kama muhogo uliolowekwa, na anaanza pembeni, chini ya ukingo wa jino, kabla ya kugusa sakafu ya tundu. Pembeni pasiposafishwa vizuri, uozo utaendelea chini ya dawa. Katikati, karibu na mshipa, hakwangui mpaka mwisho. Huacha tabaka lenye ugumu kidogo kwa makusudi ili asiufichue mshipa. Mzazi mmoja aliwahi kulalamika kwangu kwamba "hakumaliza kutoa", kumbe hapo ndipo ulipo ustadi wenyewe.

Baada ya hapo hupaka majimaji ya kuandaa tundu kwa sekunde 10 hadi 15, huosha kwa kipamba chenye maji, hukausha kwa kipamba kikavu, na msaidizi huanza kuchanganya: kwa aina nyingi ni kijiko kimoja cha unga kwa tone moja la maji yake, ndani ya nusu dakika. Hapa angalia kitu kimoja kama unaruhusiwa kusimama karibu: mchanganyiko unaofaa unang'aa kama uji uliopikwa sasa hivi. Ukishafifia umeanza kuganda, na ukiwekwa hivyo hautashika jino. Msaidizi mzuri huutupa na kuchanganya upya. Ukishaingia tundu linajazwa kupita kiasi kidogo, daktari anapaka kidole chake cha glavu vaselini na kukandamiza kwa sekunde kama 30, ili dawa iingie pia kwenye vijifereji vya juu ya gego. Anamwambia mtoto aume taratibu, anaondoa kilichozidi, anapaka vaselini juu. Mtoto hali kitu kwa saa moja. Kwa hiyo apate chai na kitafunwa kabla ya kuja, na apige mswaki. Mtoto mwenye njaa hawezi kutulia na mdomo wazi.

Inadumu? Kwa tundu lililo upande mmoja tu wa jino, kwa mfano juu ya gego, tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zinaonyesha kwamba katika meno ya utoto kama dawa 94 kati ya kila 100 zinakuwa bado zimekaa baada ya miaka miwili. Tundu lililoingia kati ya magego mawili, pale nyama inaponasa, ni habari nyingine: zinazobaki ni kama 65 kati ya 100. Ndicho ninachokiona kwa watoto wetu pia. Zinazotoka mapema karibu zote ni za katikati ya magego, au ziliwekwa mate yakiwa yamepenya kwa sababu mtoto alikuwa analia. Sichukulii kuwa hilo ni kosa la huduma, lakini mzazi aambiwe mapema asije akadhani amedanganywa. Ikitoka, inawekwa tena. Tena jino la utoto halihitaji kudumu milele. Linatakiwa kufika wakati wake wa kung'oka lenyewe, na magego ya utoto hung'oka mtoto akiwa na miaka kati ya 9 na 12. Ukiling'oa gego la mwisho la utoto akiwa na miaka mitano, jino la kudumu linaloota nyuma yake husogea mbele, likala nafasi ya jino linalosubiri chini.

Kuna dawa nyingine ya kuuliza, hasa kwa mtoto mdogo asiyetulia: dawa ya fedha (madini, siyo pesa), kwa jina kamili silva daiamini floraidi, ya asilimia 38. Nayo imo kwenye orodha ile ya 2021. Si kila kliniki inayo. Inapokuwepo, tone moja linatosha meno kadhaa: jino linakaushwa, linapakwa kwa kiburashi kidogo kama kwa dakika moja, basi. Hakuna kukwangua. Inasimamisha uozo sehemu kubwa ya meno inayopakwa, na inafanya kazi vizuri zaidi ikirudiwa kila baada ya miezi sita. Kasoro yake ni moja na ni ya wazi: sehemu iliyooza inakuwa nyeusi tii, na itabaki hivyo. Kwenye gego hakuna anayeona. Kwenye meno ya mbele, mzazi aamue mwenyewe baada ya kuonyeshwa picha. Ikigusa mdomo au ngozi inaacha doa la kahawia linaloondoka lenyewe baada ya siku kadhaa, ndiyo maana midomo hupakwa vaselini kwanza. Haipakwi kwa mtoto mwenye mzio wa fedha, wala kwenye jino lililokwisha kutoa usaha.

Sasa malipo, na hapa ndipo ninapoumia. Kwa sera, mtoto chini ya miaka mitano hutibiwa bure katika vituo vya serikali. Nenda na kadi yake ya kliniki au cheti cha kuzaliwa, maana bila kuthibitisha umri utaambiwa ulipie faili. Lakini jino la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka kama sita. Msamaha unaisha mwaka mmoja kabla ya kuota jino ambalo mtoto anatakiwa kulitumia mpaka uzeeni. Sioni sababu ya kiafya ya kuchora mstari hapo, na ningeomba wanaopanga msamaha huo wausogeze angalau hadi miaka 12, magego ya kudumu ya pili yanapokuwa yameota.

Kwa mtoto aliyevuka miaka mitano na kwao hawana uwezo, njia iliyopo ni ofisi ya ustawi wa jamii iliyo ndani ya hospitali. Pitia hapo kabla ya dirisha la malipo, siyo baada ya kulipa. Chukua barua ya serikali ya mtaa inayoeleza hali ya kaya, na kama kaya iko TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, beba uthibitisho wake. Ofisi hiyo ina foleni yake, kwa hiyo anayefika saa nne atapata barua lakini atakuta kuziba kumefungwa. Kuhusu bima, Toto Afya Kadi ya NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) ilikuwa Sh 50,400 kwa mwaka kwa mtoto, na usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisimamishwa mwaka 2023. Utaratibu wa bima za watoto umekuwa ukibadilika, basi uliza ofisi ya NHIF ya wilaya kabla ya kuitegemea kwenye hesabu zako, na uliza waziwazi kama kuziba jino kumo.

Hilo jino la miaka sita linahitaji maneno ya ziada, kwa sababu ndilo linalopotea zaidi huku wazazi wakidhani ni la utoto. Linaota nyuma kabisa, nyuma ya magego yote ya utoto, na hakuna jino linalong'oka ili kulipatia nafasi, kwa hiyo hakuna anayeliona likija. Yako manne, mawili juu na mawili chini. Juu yake kuna mifereji mirefu ambayo mswaki haufiki vizuri. Glasi ile ile inaweza kukandamizwa kwa kidole kwenye mifereji hiyo kabla halijatoboka, kazi ya dakika chache bila kukwangua chochote. Kama mtoto wako yuko darasa la kwanza au la pili, omba hilo hata kama haumwi.

Dalili za kutosubiri siku ya kuziba: shavu limevimba, homa, mtoto hawezi kufungua mdomo au kumeza. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Amoksisilini ya duka la dawa hupunguza uvimbe kwa siku chache, kisha unarudi kwa sababu jino lenye usaha bado limo. Na msiweke aspirini iliyosagwa kwenye ufizi, inaunguza nyama. Kama amechomwa ganzi, mkalie karibu kwa saa mbili tatu. Watoto hutafuna mdomo uliokufa ganzi wakidhani ni mchezo, na kidonda kinachotokea huwatisha wazazi kuliko jino lenyewe.

Jambo moja kuhusu wachanga, kwa sababu bado naletewa swali hili na kina mama: "meno ya plastiki", yanayodaiwa kumletea mtoto kuharisha na homa mpaka yachimbuliwe, hayapo. Uvimbe mweupe kwenye ufizi wa mtoto anayeharisha na mwenye homa ni jino la utoto linalojiandaa kuota. Kulichimbua humletea mtoto maambukizi na kutoka damu, na huharibu jino la kudumu lililo chini yake, wakati kinachomuumiza ni kuharisha kunakohitaji ORS na zahanati.

Nyumbani, kinachosaidia zaidi ni dawa ya meno yenye floraidi ya 1,000 hadi 1,500 ppm. Soma ubavuni mwa tyubu, kwa sababu baadhi ya zile za bei ya chini haziandiki kiwango. Mtoto chini ya miaka mitatu anahitaji kiasi cha punje ya mchele, kuanzia miaka mitatu hadi sita kiasi cha punje ya njegere, mara mbili kwa siku, ya usiku ikiwa ya mwisho baada ya chakula. Ateme, asisukutue kwa maji mengi. Kwa familia zilizotoka Arusha au maeneo ya Meru: meno ya kahawia yaliyokuja hivyo tangu kuota husababishwa na floraidi nyingi ya maji ya kule. Si uozo, na kuziba hakutayabadilisha.

Mkitoka chumbani, soma kadi. Madaktari huandika meno kwa namba. Zinazoanza na 5, 6, 7 na 8 ni za utoto: 75, kwa mfano, ni gego la mwisho la utoto, chini kushoto. Namba 16, 26, 36 na 46 ndiyo yale manne ya miaka sita. Ukikuta moja ya hizo nne imeandikiwa kung'olewa, na mtoto wako yuko darasa la pili, rudi ndani ukaulize kama bado linazibika, kabla hajachomwa sindano.